Kitasa cha Ndimi Nyingi: Kilinde Nyumba, Kisifungie Familia

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kufunga milango wakati wa usiku huku tukilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kufunga mlango, basi, ni sehemu ya adabu za nyumba ya Muislamu. Juma hili tunapenda kukitazama kitasa chenyewe, hasa kile cha ndimi nyingi, ambacho siku hizi si kigeni katika nyumba mpya za Kilosa na Mikumi.

Kitasa cha kawaida hushika mlango mahali pamoja tu, katikati. Kitasa cha ndimi nyingi huushika juu, katikati na chini. Ndani ya ubavu wa mlango mna vyuma virefu vilivyounganishwa na kisanduku cha meno kilichopo nyuma ya mkono wa kitasa. Katika aina moja, ukiinua mkono vyuma hivyo husogea na kuzitoa ndimi zote kwa pamoja; ufunguo huja baadaye kuzizuia zisirudi. Katika aina nyingine, iliyozoeleka kwenye milango ya chuma, ufunguo wenyewe ndio unaozisukuma ndimi.

Faida yake ni kwamba mvunjaji hapati pembe iliyo wazi ya kupenyeza mtaimbo. Lakini kila ulimi lazima ulikute tundu lake kwenye fremu, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Mlango mzito huzilemea bawaba ukashuka kidogo. Mbao nazo huvimba wakati wa masika. Mlango ukishuka hata milimita chache, ndimi hugonga chuma cha fremu badala ya kuingia tunduni.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua mlango, kisha uinue mkono au uzungushe ufunguo mlango ukiwa wazi. Kitasa kikifanya kazi kwa wepesi, lakini kikawa kigumu mlango unapofungwa, kitasa ni kizima. Mlango ndio uliokaa vibaya. Kaza skrubu za bawaba, au mwite fundi aurudishe mlango mahali pake. Kikiwa kigumu hata mlango ukiwa wazi, tatizo limo ndani ya kitasa. Mkono ukilegea na kuning'inia, mara nyingi springi au kisanduku cha meno kimevunjika. Mkono ukisogea lakini ulimi wa juu au wa chini usitoke, huenda chuma kirefu kimeachana na kisanduku.

Kosa kubwa ni kutumia nguvu. Anayeusukuma mlango kwa bega huku akilazimisha mkono huigeuza kazi ya bisibisi kuwa gharama ya kitasa kizima. Ufunguo ukikwama kwa vumbi, usitie mafuta ya kupikia, kwa kuwa hunasa vumbi zaidi. Unga wa risasi ya penseli hufaa. Na kama ni silinda tu iliyoharibika, mara nyingi hubadilishwa peke yake. Kwa kuwa si kila duka la vifaa lina vipimo vyote, nenda na kitasa cha zamani mkononi.

Lililo zito zaidi ni hili. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, hivyo mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Wakazi wa bonde la Mto Mkondoa hawajayasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maji au moto vikija usiku, kitasa kilichomzuia mwizi kinaweza kumzuia mama na watoto wake. Ikiwezekana, chagua silinda inayofunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Kama haipo, ufunguo uwe na mahali pamoja maalumu karibu na mlango, pasipofikiwa kwa mkono kutoka dirishani. Bibi, babu na kila mtoto mwenye umri wa kuelewa wafundishwe kufungua gizani. Kitasa kilichoanza kuwa kigumu kirekebishwe mapema, kwani kinachokupa taabu mchana hakitakuwa chepesi usiku wa hofu.

Baba na mama wa nyumba, fanyeni jaribio hilo leo baada ya Isha, taa zikiwa zimezimwa. Tuchukue sababu, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.