Mbwa jike mwenye UTI isiyoisha: tuache kuchoma sindano tu, tuangalie ngozi

Leo naacha kidogo ng'ombe na kuku nizungumzie mbwa wa ulinzi, maana kuna kosa nimelifanya mwenyewe na naona wenzangu wengi bado wanalifanya.

Mama mmoja anayefuga kuku wa mayai ana mbwa jike, chotara wa jamani shepadi, mnene kweli kweli. Alikuwa anakojoa kidogo kidogo kila mara, mkojo unanuka, na anajilamba huko nyuma kutwa nzima. Nikamchoma oksitetrasaiklini, akapata nafuu. Wiki chache baadaye simu ikaita: "Dokta, mambo ni yale yale." Nikachoma tena. Mara ya tatu ndipo nikavaa glavu, nikainua mkia na kuangalia vizuri (najua, ningeanza na hilo). Uke wote ulikuwa umefunikwa na mkunjo wa ngozi. Nilipoufunua, ndani kulikuwa kwekundu, kumelowa, na harufu kali.

Kumbe ugonjwa ulikuwa unakaa hapo. Mkojo unanasa kwenye mkunjo, ngozi haikauki, bakteria wanazaliana na kupanda hadi kwenye kibofu. Sindano inaua wa kibofuni, lakini mkunjo upo pale pale na unazalisha wengine. Tukiendelea hivyo tunatengeneza vimelea sugu, na dawa hiyo hiyo ndiyo tunayoitegemea kwa ng'ombe na mbuzi wetu.

Msimamo wangu ni huu: UTI ikijirudia na mkunjo upo, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo anayefanya upasuaji. Mimi nina stashahada, kisu hicho sio changu, na wala sio cha muuza duka la dawa. Daktari atapima mkojo kwanza, ikiwezekana vimelea vioteshwe maabara ijulikane dawa gani inawaweza, na atahakikisha hakuna mawe kwenye kibofu. Uchafu ukishatulia, mbwa anapewa dawa ya usingizi, anakatwa kipande cha ngozi chenye umbo la mwezi mchanga juu na pembeni mwa uke, kisha anashonwa. Ikikatwa ndogo tatizo linarudi. Ikikatwa kubwa nyuzi zinavutwa na kidonda kinafumuka. Akirudi nyumbani asivuliwe kola ya shingoni mpaka nyuzi zitolewe, kama siku 10 hadi 14, la sivyo atazing'oa mwenyewe.

Wapo wanaoniambia operesheni ya mbwa ni anasa. Haya, piga hesabu ya sindano zote ulizonunua na nauli uliyonilipa. Halafu huyo mbwa anayehangaika na muwasho usiku kucha, analinda nini?

Ila sio kila mbwa apasuliwe. Mnene apunguzwe uzito kwanza, na mkunjo usafishwe na kukaushwa kila siku. Mtoto wa mbwa ambaye hajaingia joto msubiri, na usiharakishe kumtoa kizazi, kwa sababu baada ya joto la kwanza uke hukua na mara nyingi mkunjo hupotea wenyewe.

Yule mama alipunguza ugali, mbwa akakonda kidogo, mkunjo ukabaki. Akapasuliwa. Siku hizi akinipigia simu ni habari za kuku tu.