Mwenye Kufuli Ndiye Alipie Betri

Umenunua sola kwa mkopo na unailipa mdogo mdogo kwa simu. Taa inawaka, redio inaongea, simu za nyumba nzima zinapata chaji. Halafu, kabla hujamaliza deni, betri inaanza kuchoka. Zamani taa ilifika alfajiri, sasa saa tatu usiku ni giza. Ukipiga simu kuuliza, unaambiwa betri mpya ni ya kununua. Je, hizo pesa zitoke mfuko wa nani?

Maoni yetu ni haya: anayeshika kufuli ya kile kifaa ndiye alipie betri. Tueleze.

Kwa nini hili ni jambo la pesa

Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Rabai kwenda Lamu inapitia Garsen. Lakini ukitoka mjini ukaingia ndani ya delta, bado utakuta nyumba nyingi ambazo stima yao ni kapaneli kadogo juu ya paa. Tana River ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa serikali wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, wa kupeleka sola mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika.

Kwenye nyumba hizo, ile betri ndogo ndiyo inaweka simu hai. Na simu ndiyo pochi. Muuza samaki analipwa kwa simu, mwenye maembe anapokea pesa ya dalali kwa simu, karo inatumwa kwa simu. Wakati wa mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, maji yalikata barabara na kufukuza watu majumbani. Ndugu aliye Mombasa au Nairobi hawezi kuvuka maji, lakini pesa yake inaweza.

Simu ikizima, pesa yako haipotei. Iko salama kwenye akaunti. Shida ni kwamba huwezi kuigusa, na mtu hali salio ambalo hawezi kulitoa.

Hata mjini, mwenye stima hajapona. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena Novemba na Desemba mwaka huohuo. Ruta ya Wi-Fi isiyo na betri huzima papo hapo stima ikienda.

Wenzetu walilitatua vipi

Simu ya mezani ya zamani haikuwa na tatizo hili. Umeme wake ulikuja kupitia waya uleule wa simu, kutoka kituo cha kampuni. Stima ya nyumba ikizima, simu bado inalia. Betri zilikuwepo, ila zilikaa kwa kampuni na kampuni ndiyo iliyozigharamia.

Teknolojia mpya ilipokuja, betri ilihama kutoka kituo cha kampuni ikaingia nyumbani kwa mteja, na gharama yake ikahama nayo kimyakimya. Huko Marekani jambo hilo lilifika mbele ya tume yao ya mawasiliano, FCC. Mwaka 2015 tume iliamua kwamba kampuni za simu za nyumbani zisizobeba umeme kwenye waya zimwambie mteja wazi kwamba stima ikipotea simu itazima, na ziwe tayari kumuuzia betri ya akiba ya saa 8, baadaye ya saa 24. Anayeitaka ailipie mwenyewe.

Sehemu moja ya uamuzi huo tunaipenda: mteja aambiwe mapema. Sehemu ya pili, ya kumwachia mteja bili yote, haiwezi kuletwa Garsen ilivyo. Sababu ni moja: kule mteja ndiye mwenye betri tangu siku ya kwanza. Huku kwetu, kwenye sola ya mkopo, betri ina mwenyewe, na si wewe. Si wewe bado.

Kufuli iko mkononi mwa nani?

Biashara ya kulipia sola kwa simu ilishika kasi Kenya kuanzia 2012, M-KOPA ilipoingia sokoni, miaka mitano baada ya M-PESA kuanza. Mpango unajulikana: unaweka amana, unachukua kifaa, unalipa kila siku au kila wiki. Usipolipa, kifaa kinajiloki. Ukilipa kinafunguka. Siku ukimaliza deni, kinafunguka moja kwa moja na kinakuwa chako.

Sasa fikiria. Kampuni ikiweza kukuzimia taa kwa sababu hujalipa, inasema wazi: hiki bado ni changu. Hatuna neno na hilo, ndiyo maana ya mkopo wa namna hii. Lakini betri ikifa katikati ya mkopo, kampuni hiyohiyo haiwezi kugeuka iseme: hicho ni chako, tengeneza mwenyewe. Chake siku ya kufunga, chako siku ya kuharibika? Hapana. Mwenye nyumba akikodisha nyumba, paa likivuja ni lake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mpaka malipo ya mwisho, betri iliyochoka kwa matumizi ya kawaida ibadilishwe na muuzaji bila malipo. Na zile siku ambazo kifaa kilikuwa kimekufa kikingoja fundi, zisihesabiwe kama siku za deni. Unalipia mwanga, hulipii boksi.

Pili, ukishamaliza deni, betri ni yako na bili ni yako. Lakini bei yake uwe uliambiwa siku ya kununua, pamoja na muda inaotarajiwa kudumu. Na betri yenyewe iwe ya kubadilika, si ile iliyozibwa ndani ili ulazimike kununua sola nzima.

Tatu, betri mbovu irudi kwa muuzaji. Betri za risasi zina sumu, na delta ya Tana si mahali pa kutupa sumu. Watu wanakunywa maji hayo, mifugo inakunywa, samaki wanatoka humo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtaka mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata ikishageuka taka.

Haya yote hayajatoka hewani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili afaidike nazo.

“Lakini wateja wanaharibu betri!”

Wauzaji wana hoja yao, na ina uzito. Kuna mtu anafungua boksi anaunganisha televisheni kubwa moja kwa moja. Kuna anayeacha betri inakauka kabisa kila usiku, na betri ya risasi haipendi hivyo. Tunakubali: ukifungua boksi mwenyewe, gharama ni yako.

Lakini kuna mambo ambayo mteja hana uwezo nayo. Moja ni joto. Mafundi wa betri za risasi wana kanuni yao: joto likizidi kwa nyuzi 10 juu ya kiwango betri ilichoundiwa, maisha yake hupungua karibu nusu. Anayeuza betri Tana River anajua anauza mahali pa jua kali. Alete betri inayostahimili jua hilo, asimlaumu mteja kwa hali ya hewa.

Hoja ya pili ni kwamba bei itapanda. Huenda. Lakini tupige hesabu ya mfano. Tuseme betri ni Sh3,650 na mkopo ni wa siku 365. Hata kama bei yote ya betri ya pili ingeongezwa kwenye mkopo, ni Sh10 kwa siku. Na kwa kuwa si kila betri itakufa mapema, inapaswa kuwa chini ya hapo. Sh10 unayoijua tangu mwanzo ni nafuu kuliko Sh3,650 inayokuja ghafla, tena mwezi wa mafuriko.

Na ule mnara je?

Kuna betri nyingine ambayo hatutakiwi kuisahau: ya mnara wa simu. Simu yako ikiwa na chaji asilimia 100 na mnara umekufa, huna kitu. Betri na jenereta za mnara ni jukumu la kampuni zinazouendesha, na sisi tulio kwenye biashara ya malipo tunafaa kuwa wa kwanza kusema hivyo, kwa sababu huduma yetu inapita hapo hapo. Ada ya kutuma pesa ni ileile Garsen na Nairobi. Basi na huduma ifanane.

Wewe ufanye nini leo

Kabla ya kuchukua sola, ruta au kifaa chochote chenye betri kwa mkopo, uliza maswali manne: dhamana ya betri ni ya muda gani, inaisha kabla ya deni au baada yake? Betri mpya ni pesa ngapi? Fundi wa karibu yuko wapi, Garsen, Hola au Malindi? Na siku kifaa kikiwa kwa fundi, deni linasimama? Majibu yawe kwenye karatasi au kwenye SMS. Ahadi ya mdomo ya muuzaji usiitegemee.

Usifute SMS za malipo. Ndizo risiti zako ukidai dhamana.

Ukipigiwa simu na mtu anayesema anakuletea betri ya bure lakini anataka namba yako ya siri, kata. Hakuna betri inayohitaji namba ya siri. Na ukilipia betri, lipa kwa namba ya biashara, usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Usitume kwa namba ya mtu binafsi.

Ukishamaliza deni, usiache kulipa kabisa. Jilipe wewe mwenyewe: weka Sh25 kila wiki kwenye akiba ya simu. Kwa miaka mitatu ni Sh3,900, inayotosha ile betri ya mfano wetu.

Kufuli ikishafunguka, mzigo huo tutaubeba wenyewe bila kulalamika. Kabla ya hapo, anayeishika aibebe na betri.