Macho ya Likasi Yapimwe Kabla ya Kuvishwa Miwani

Katika mji wa Likasi nchini Kongo, ambao riziki ya watu wake tangu enzi ulipoitwa Jadotville imetoka katika shaba na kobalti, jicho ni chombo cha kazi kama nyundo. Ila nyundo ikivunjika mpini hutafutiwa mwingine siku ileile, na jicho likififia husemwa kuwa ni uzee, likaachwa. Basi mshonaji wa mtaa wa Kikula huisogeza sindano mbali mpaka mkono umwishie, mwalimu husomewa daftari na wanafunzi wake, na fundi wa umeme hubahatisha tarakimu za kipimo chake. Hali hii si aibu wala si ajali. Lenzi iliyomo ndani ya jicho, ambayo ujanani hutuna na kunyooka kwa wepesi, hukakamaa kwa kila mwanadamu apitapo miaka arobaini, na tiba yake ni miwani ya kusomea.

Miwani hiyo hutandazwa sokoni pamoja na saa na betri, na mnunuzi hujaribu moja baada ya nyingine mpaka apate imridhishayo. Simlaumu muuzaji, wala simlaumu mnunuzi mwenye kipato haba, maana miwani ya sokoni imewarudisha wengi kazini. Ninalolihofu ni lile lisiloonekana. Presha ya macho, ambayo waganga huiita glakoma, na ambayo huwapata Waafrika mapema zaidi na kwa ukali zaidi, aghalabu haiumi, haiwashi wala haitoi machozi. Huula polepole mshipa upelekao habari za jicho ubongoni, ikianza na pembezoni mwa uono, hata mgonjwa akawa anasoma gazeti barabara kwa miwani yake mpya ilhali anaelekea upofu, na kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa kisu.

Hapo ndipo ilipo thamani ya mpimaji macho. Yeye huanza kwa kuuliza: unafanya kazi gani, nani katika ukoo wenu alipofuka, umetia dawa gani jichoni. Kisha humweka mtu mita 6 mbele ya ubao wa herufi, uliobuniwa na Herman Snellen wa Utrecht mwaka 1862, na asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huashiria kwa vidole ncha zake zinakoelekea. Hufunika jicho moja kwa zamu, kwa kuwa jicho zima huficha ila ya mwenzake. Hubadilisha lenzi kwa subira, hupima presha, humulika mpaka kina cha jicho na kuutazama ule mshipa. Na likimshinda jambo, humpeleka mtu kwa mganga apasuaye macho kabla wakati haujapita.

Haja hiyo ni kubwa zaidi katika mji wa vumbi, wa vipande vya mawe viwarukiavyo wachimbaji, wa asidi na wa moto wa wachomeleaji, ambamo bado wako wanaotia maji ya majani katika jicho lililojeruhiwa, wakaliua kwa nia njema. Asidi ikiingia jichoni, huduma ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kwa muda usiopungua robo saa. Ndipo mtu apelekwe hospitali.

Wako watakaosema kwamba wataalamu ni adimu. Ni kweli, lakini jirani zetu wa Rwanda, kuanzia mwaka 2012, waliwafundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya kupima macho, kuuza miwani kwa bei nafuu na kuwatambua wanaohitaji daktari. Nasi tunayo fedha ya kuanzia: Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwezi Machi 2018, inazilazimu kampuni za migodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na migodi. Kila panapojadiliwa matumizi ya fedha hiyo, wawakilishi wa wananchi wadai chumba cha kupimia macho katika vituo vya afya, chenye ubao, kurunzi ya macho, sanduku la lenzi na muuguzi aliyefundishwa, na wadai mshahara wake ulipwe kila mwezi.