Ua la Pareto na Kalamu
Wako walimu wasemao kwamba mwanafunzi wa Kisii au Nyamira asiye na mtambo wa maabara hana haja ya kujua jinsi misombo inavyotenganishwa. Nami nilisema hivyo zamani, nilikosea. Ua la pareto lina sumu sita za kuua wadudu, tatu za kundi la kwanza, tatu za pili. Tuzisukume kwa maji na spiriti katika mrija wenye chembe zilizopakwa kitu mfano wa mafuta: zipi zitatangulia kutoka? Kila sumu ya kundi la pili imezidi mwenzake kwa atomi mbili za oksijeni. Hupatana zaidi na maji, basi itatangulia. Kubashiri hivyo kwataka kalamu tu. Mkulima hulipwa kwa kadiri ya sumu iliyomo uani. Mbona mwanawe asiijue hesabu hiyo?