Marafiki Wanakumbuka, Mji Umesahau

Wahakiki wa Kiswahili walioko ughaibuni wamezoea kuitupa riwaya ya mapenzi ya kauboi bila kuifungua. Jalada lake huwatosha: mwanamume mwenye kofia pana, farasi, milima yenye theluji kwa mbali, na jina la mji usiokuwamo katika ramani yoyote. Hukumu hutolewa papo hapo. Hii ni fasihi pendwa, husema. Msuko wake ni ule ule, mwisho wake unajulikana tangu ukurasa wa kwanza, na wasomaji wake ni wanawake wanaotaka kusahau taabu za kazi. Hukumu hiyo ni ya uvivu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba imelifanya kosa la kweli lipite bila kuonekana. Riwaya hii ina kosa, tena zito, lakini si hilo inaloshtakiwa.

Miongoni mwa misuko ya riwaya hizi, mmoja unapendwa kuliko wahakiki wanavyodhani: ule wa marafiki wa miaka mingi wanaokuja kupendana. Wawili wamekulia mji mmoja wenye barabara moja kuu, kanisa, baa na duka la vyakula vya mifugo. Mmoja ni mwana wa ranchi; mwingine ni binti wa mwalimu, au wa daktari wa wanyama. Wamefundishana kupanda farasi, wamesimama pamoja makaburini, wamesikiliza habari za wachumba waliokuja na kuondoka. Kisha jambo dogo linatokea. Mmoja anarudi kutoka mji mkubwa, au ghala la nyasi linaungua, au ndugu anaoa, na neno “rafiki” halitoshi tena. Vitabu vya namna hii ni vingi Marekani na Kanada, na katika miaka ya karibuni vimepata wasomaji wapya vijana. Powerless (2023) cha Elsie Silver, katika mfululizo wake wa Chestnut Springs, ni mfano mmoja.

Shtaka la mwisho unaojulikana linashangaza likitoka kwa watu waliolelewa na hadithi. Mtoto wa pwani aliyeketi miguuni pa bibi yake alijua tangu paukwa ya kwanza kwamba watu wataishi raha mustarehe, na bado hakukubali kulala. Wasikilizaji wa tenzi za vita walimjua mshindi kabla dua za ufunguzi hazijakwisha. Walichokingojea ni namna: atafikaje, atapoteza nini njiani, atasema neno gani saa ya dhiki. Jane Austen alipochapisha Emma mwishoni mwa 1815, aliwaweka rafiki wawili wa miaka mingi katika kijiji cha Highbury, akamwacha msomaji ajue mapema kuliko Emma mwenyewe kwamba Bwana Knightley ndiye. Kitabu hicho kinafundishwa vyuoni kwa heshima. Aliyevaa koti la Kiingereza anaitwa mwanafasihi. Aliyevaa kofia ya kauboi anaitwa mpuuzi.

Upendeleo huo unaonekana hata ndani ya Kiswahili chenyewe. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, hakuna msomaji aliyedhani kwamba Willy Gamba atauawa na hadithi iishie hapo. Mpelelezi huyo hushinda kila mara, na hilo halikuzuia wahakiki kumtazama upya na kuona ndani ya riwaya zake siasa za zama za ukombozi. Riwaya ambayo mwanamume hushinda kwa bastola inapewa subira ya kusomwa. Riwaya ambayo mwanamke hushinda kwa kupendwa na mtu anayemjua haipewi. Anayetaka kuutetea ubaguzi huo na autetee waziwazi, asijifiche nyuma ya neno “msuko”.

Tena msuko huu wa marafiki una hekima ambayo misuko mingine ya mapenzi haina. Hadithi nyingi za mahaba huanza kwa mshtuko: macho yamekutana, moyo umeruka. Hii huanza baada ya miaka kumi na mitano ya kuonana kila siku. Hakuna sura mpya ya kustaajabia; kuna mtu aliyekwisha kuonekana akiwa na homa, akiwa na deni, akiwa amekosea na anakataa kukiri. Kumpenda mtu huyo ni kuamua kwa kujua. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Riwaya hii inaongeza swali, kama yule aliyekufaa kwa dhiki anaweza pia kuaminiwa na raha yako. Hatari yake ni ya kweli. Anayekataliwa na mgeni amekosa mchumba. Anayekataliwa na rafiki wa miaka yote amepoteza shahidi wa maisha yake. Ndiyo maana kauboi wa hadithi hizi, anayeweza kukabili fahali aliyekasirika bila kupepesa macho, hushindwa kutamka sentensi moja kizingitini pa jirani.

Kila kitu katika msuko huu kimesimama juu ya kumbukumbu. Anajua kwa nini mwenzake hapiti kwenye daraja lile. Anakumbuka wimbo uliopigwa usiku ule. Mapenzi yao ni hesabu ndefu ya mambo yaliyokumbukwa, na hapo ndipo shtaka la kweli linapoanza. Waandishi wanaowapa wahusika wao kumbukumbu ndefu namna hii wamewaweka juu ya ardhi iliyofutwa kumbukumbu. Ranchi ni “ya babu”. Babu aliipata kwa babu yake. Nyuma ya hapo hakuna mtu, kuna upepo na majani tu.

Montana ni mojawapo ya mandhari zinazopendwa mno na riwaya hizi. Kusini mwa mji wa Missoula kuna bonde la Bitterroot, zuri kwa kadiri jalada lolote linavyoahidi. Ranchi inayoonekana katika tamthilia ya Yellowstone, iliyoanza kurushwa 2018, imo katika bonde hilo. Bonde lilikuwa la Wasalish. Zaidi ya miaka 30 baada ya mkataba wa Hellgate wa 1855, kundi la mwisho lililobaki chini ya kiongozi wao Charlo liliondolewa bondeni mwaka 1891 na kupelekwa kaskazini, katika eneo la Flathead walilotengewa. Wakati huo Sheria ya Makazi ya 1862, iliyowapa walowezi ekari 160 kwa kila aliyetimiza masharti, ilikuwa imekwisha kufanya kazi karibu miaka 30 katika nchi za magharibi. Babu wa riwaya hakukuta majani matupu. Alikuta makaburi ya watu wengine, na huenda alijua. Mjukuu wake, anayekumbuka rangi ya gauni ambalo rafiki yake alivaa akiwa na miaka kumi na miwili, hajui.

Usahaulifu huo si wa bahati mbaya. Umo katika kitabu kilichozaa aina hii yote. Owen Wister, msomi wa Harvard kutoka Philadelphia, alitoa The Virginian mwaka 1902 na kukitabaruku kwa rafiki yake Theodore Roosevelt. Wengi hukikumbuka kwa mapenzi ya kauboi asiyetajwa jina na mwalimu wa shule aliyetoka Vermont. Wachache hukumbuka kwamba kauboi huyo ana rafiki wa siku nyingi aitwaye Steve, na kwamba anashiriki kumnyonga rafiki huyo kwa kosa la kuiba ng'ombe, bila mahakama, na riwaya inataka msomaji aukubali unyongaji huo kuwa haki. Miaka kumi tu kabla ya kitabu hicho, mwezi wa Aprili 1892, wenye mifugo wakubwa wa Wyoming walikodi wapiga bunduki kutoka Texas na kuingia kaunti ya Johnson kuwaua wafugaji wadogo waliowaita wezi. Waliwaua Nate Champion na Nick Ray. Walipozingirwa na wananchi wenye hasira, jeshi la serikali kuu ndilo lililowaokoa, na hakuna aliyepatikana na hatia. Wister aliandika kwa kuegemea upande wa wenye mali. Basi katika chimbuko la riwaya ya kauboi, urafiki wa miaka mingi ulikuwepo, ukatolewa kafara ili mali ya wakubwa ibaki salama na harusi ifuate. Riwaya za leo zimeurudisha urafiki na kuuweka katikati. Hazijarudisha habari ya nani alinyongwa.

Hazijarudisha hata makauboi wenyewe. Kazi hiyo ilifundishwa na wachungaji wa Meksiko. Maneno rodeo, ranchi na laso yametoka kwa Kihispania. Katika safari ndefu za kupeleka ng'ombe kaskazini kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanahistoria wengi hukadiria kuwa karibu kauboi mmoja katika kila wanne alikuwa Mweusi. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee mwaka 1854, aliandika maisha yake kwa mkono wake na kuyachapisha 1907, miaka mitano tu baada ya Wister. Kitabu kilikuwepo. Waliochora majalada hawakukitaka.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wahakiki wao wanavyofikiri. Mwaka 2016 Missoula ilianza tena kupokea wakimbizi, na miongoni mwa familia za kwanza kufika zilikuwa za Wakongo. Kiswahili kinasemwa sasa chini ya milima ile ile ya majalada, na pia Idaho na Colorado. Katika viwanda vya nyama vya nyanda za Colorado, Kansas na Texas, kazi ya kuchinja na kukata hutegemea sana wahamiaji na wakimbizi, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki na Kongo. Katika riwaya, ng'ombe huzaliwa usiku wa theluji, huokolewa na wapenzi wawili, hupewa jina. Hachinjwi kamwe. Mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake haumjui mama anayetoka zamu ya alfajiri akiwa na mikono iliyokufa ganzi kwa baridi ya kiwanda. Mama huyo huenda anacho kitabu hicho mkobani mwake, na anakipenda kwa haki kabisa, maana naye anajua thamani ya mtu anayekumbuka ulikotoka.

Watetezi wa riwaya hii wana jibu lao: msomaji amechoka, anataka faraja, historia itamharibia usiku. Jibu hilo linamdharau msomaji kama wahakiki wanavyomdharau. Beverly Jenkins ameandika kwa miaka mingi mapenzi ya watu Weusi wa karne ya 19. Katika Tempest (2018) wapenzi wake wanaishi Wyoming, historia yao ipo mezani pamoja na chakula, na mwisho wa furaha haukupungua hata chembe. Kent Haruf, katika Our Souls at Night (2015), aliwachukua majirani wawili wazee wa mji wa kubuni wa Holt, Colorado, akaonyesha jinsi mji unavyotia ulimi wake katika upendo wao, na jinsi mtoto wa kuzaa anavyoweza kuwa mlinzi wa aibu isiyokuwepo. Penye wengi pana mengi, na Haruf hakuyaficha. Annie Proulx, katika Brokeback Mountain (1997), alifika mbali zaidi: mmoja wa wachungaji wake wawili anakumbuka maiti aliyoonyeshwa na baba yake alipokuwa mtoto, maiti ya mwanamume aliyeuawa kwa kuishi na mwanamume mwenzake, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomfunga maisha yake yote. Waandishi hawa watatu hawafanani kwa lolote isipokuwa hili: mji wao unakumbuka.

Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili ana kazi, na kazi hiyo si kucheka majalada. Msomaji aliyetoka Kenya anajua ranchi hutengenezwa kwa nini. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamasai kutoka Bonde la Ufa na kisha kutoka Laikipia ili walowezi wapate malisho, na riwaya yoyote ya mahaba inayotokea juu ya nyasi zile bila kutaja jambo hilo itanuka uongo kwa msomaji wa Kajiado au Narok. Pua hiyo hiyo inapaswa kutumika Montana. Badala yake, katika mijadala ya ughaibuni imetumika kunusia “uduni” wa fasihi ya wanawake, huku vijana wanaoanza kuandika mapenzi kwa Kiswahili mitandaoni wakiiga mji ule mtupu, wakibadilisha kofia na majina tu, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kosa liko wapi.

Waachwe wauchukue urafiki. Waachwe wauchukue mwisho wa furaha, bila kuomba radhi kwa profesa yeyote. Lakini mpenzi wao anaposimama kwenye uzio wa seng'enge jioni, akijiandaa kutamka neno alilolificha miaka kumi na mitano, rafiki yake aliyekulia pale pale na ajue uzio huo ulisimikwa mwaka gani, ulimfungia nani nje, na ni nani anayelipwa kuchinja ng'ombe waliomo ndani. Mwandishi anayeona kwamba maarifa hayo yatawazuia wawili hao kupendana hajawaamini wahusika wake, wala hajaiamini hadhira yake.