Roboti ya wanafunzi: wanunue vipande, lakini wavifungue

Shaba na kobalti za Haut-Katanga zinasafirishwa nje, kisha zinarudi Lubumbashi ndani ya mota na betri za bei kali. Kuwakataza wanafunzi wa Lukafu kutumia vipande vilivyotengenezwa tayari ni kuwafungia mlango: nani kati yao ataunda mota peke yake?

Mashindano ya FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, yanapatia timu ya kila nchi sanduku la vipande vilevile. Kinachozitofautisha ni akili. Mashindano yoyote ya shule za Lubumbashi yafuate njia hiyo, ili shule tajiri isishinde kwa pesa.

Lakini kila timu ifungue roboti yake mbele ya waamuzi na kuiunganisha upya. Asiyeweza kutengeneza kilichoharibika amenunua mchezo tu.