DAMU YA MARA YA PILI SI WIZI

Ndugu wanakijiji,

Juzi kwenye foleni ya mizani ya korosho nilisikia mtu akisema: "Hospitali wameshachukua damu yangu, sasa wananiita tena. Ya nini kama si kuiuza?" Watu wakacheka, wengine wakaitikia. Mimi sikucheka, maana yalinikuta.

Masika iliyopita nilishikwa na homa kali. Kichwa kiliuma, hasa nyuma ya macho, na viungo kama vinavunjwa. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Mimi kwa ubishi nikanunua dawa ya malaria dukani, na aspirini juu yake. Siku chache baadaye fizi zikaanza kutoka damu. Nilifikishwa hospitali nimeshikiliwa kwenye pikipiki. Daktari akauliza: "Homa ilianza siku gani?" Mimi na mama watoto tukabaki kutazamana.

Kumbe swali lile ndilo ufunguo. Daktari alishuku dengi, ile ambayo watu wa pwani huiita kidingapopo. Ndiyo iliyowasumbua wenzetu wa Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019 ikafika hadi Tanga. Huletwa na mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana.

Sasa sikilizeni kipimo kinavyofanya kazi. Virusi wakiingia, mwili hutengeneza askari wake, ndio kingamwili. Lakini askari hawa ni kama mgambo wetu: baragumu ikilia leo, hawafiki wote leo. Wa kwanza, waitwao IgM, huanza kuonekana kama siku ya nne au ya tano ya homa. Wa pili, IgG, kwa mtu anayeugua mara ya kwanza huja nyuma yao, nao hukaa miaka mingi. Kwa hiyo damu ya siku ya pili inaweza kusema "hakuna askari" na ugonjwa umo. Siku hizo za mwanzo hutafutwa kirusi mwenyewe.

Tena, askari wakionekana, huenda ni wa ugonjwa wa zamani, au wa chanjo ya homa ya manjano, maana virusi hivi ni ndugu. Ndiyo sababu unaitwa tena baada ya wiki mbili hivi. Wataalamu wanalinganisha damu mbili. Askari wakiwa wameongezeka mara nne au zaidi, wanajua ugonjwa ni wa sasa. Ukikataa ya pili, ile ya kwanza huenda umeitoa bure.

Wapo watakaosema: "Dengi haina dawa, nipime ya nini?" Ni kweli haina dawa ya kuua virusi. Lakini ukijua, utaacha aspirini na diklofenaki, ambazo huongeza kutoka damu. Utakunywa maji kwa wingi na kutumia parasetamo kwa kipimo. Na kijiji kizima kitajua kuna kazi ya kumwaga maji kwenye matairi, vifuu na ndoo. Kipimo changu ni kinga ya mtoto wa jirani.

Naomba mkutano wetu ujao uamue haya:

1. Kila nyumba iandike siku homa ilipoanza, hata kwa mkaa ukutani.
2. Mwenye homa apimwe malaria kwanza. Isipoonekana na homa ikabaki, arudi zahanati, asiende dukani.
3. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, ukitoka damu au ukilegea, twende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka. Hatari huja hasa homa inaposhuka.
4. Ushirika utenge nauli kwa mwanachama anayeitwa kutoa damu ya pili.

Nauli ya pikipiki haizidi thamani ya mtu. Tumeshinda mengi kwa kushikamana, tusishindwe na uvumi wa kwenye mizani.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.